Wageni Vidoleni mwa Msusi

Asubuhi ile Mhakiki alianza kazi kwa kupangusa meza kwa kitambaa kikavu, kwa sababu punje moja ya mchanga ikikaa mahali pabaya husomeka kama nukta. Kisha akajifuta viganja kwenye suruali, akavuta karatasi ya kwanza, akasema, "Haya Redio, jiwashe."

Redio alikuwa binti mwenye macho mazuri na koo lisilochoka. Kazi yake ilikuwa kusoma kitabu cha kawaida kwa sauti, sentensi baada ya sentensi. Upande wa pili wa meza Mhakiki, ambaye hakuona tangu utotoni, alifuata kwa vidole kitabu hichohicho kikiwa kimepigwa kwa nukta nundu, yale maandishi ya vijinundu ambayo wasioona husoma kwa kugusa. Redio akitamka hivi na vidole vikakuta vile, Mhakiki aligonga meza na ukurasa ukarudi mashineni. Vitabu vyote vya shule vilivyotoka katika kiwanda kile cha kuchapa nukta nundu vilikuwa vimepita chini ya vidole vyake vya shahada. Watoto waliovisoma zamani sasa walikuwa watu wazima, na mmoja wao alikuwa wakili.

"Sura ya tatu," Redio akasoma. "Moyo na damu."

"Ngoja. Umenipa karatasi tupu."

"Si tupu, baba. Imejaa mpaka ukingoni."

Mhakiki akapitisha vidole tena, polepole, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni huku akijua amezisahau nyumbani. Karatasi ilikuwa laini kama shuka iliyopigwa pasi.

Redio alimtazama, akafunga kitabu chake. "Mashine leo imeamka na uvivu," alisema kwa sauti ya kumfikia Msimamizi kule ofisini. "Haibonyezi sawasawa. Labda kesho." Mashine haikuwa na uvivu wowote. Kisha akasogeza kikombe cha chai, na alipoona mkono wa Mhakiki umekigusa na haukujua kwamba umegusa kitu, alivizungusha vidole vyake kwenye mpini, kimoja kimoja.

Ugonjwa ulikuwa saratani ya utumbo, na dawa yake iliingia kwa dripu hospitalini. Ilifanya kazi vizuri. Uvimbe ulikuwa unapungua kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji. Lakini dawa ile ilipomaliza ilichotumwa ilianza kufanya na ambacho haikutumwa. Kwanza maji ya baridi yalimchoma kama sindano. Baadaye ncha za vidole zikawa zinawaka. Baadaye zikanyamaza. Miguu nayo ikawa hivyohivyo, hata siku moja akafika nyumbani na kandambili moja, ya pili ikaletwa na jirani aliyeiokota njiani akaipangusa kabisa. Mara nyingine neno lilimponyoka katikati ya mazungumzo, naye akalisubiri kwa adabu, kama unavyomsubiri mgeni aliyeingia msalani.

Hayo yote aliyavumilia. Vidole ndivyo vilivyomnyima raha. Msimamizi hakuwa mtu mbaya, lakini pale kiwandani mhakiki asiyesoma hupelekwa ghalani kufunga vifurushi, na hakuna aliyewahi kwenda ghalani akarudi mezani. Tena vitabu havikuwa kazi tu kwake. Usiku vilikuwa usingizi wake, na Jumapili vilikuwa wageni wake.

Kesho yake alibaki nyumbani. Mkewe alikuwa msusi, na chumba cha mbele kilikuwa saluni yake: kioo, viti viwili, na benchi la wanaosubiri zamu na wale wanaosubiri umbea tu. Mhakiki aliketi chumba cha nyuma, mikono ameilaza magotini. Hakuwa amegusa chochote alipohisi nywele vidoleni mwake. Zilikuwa nywele nene, zimepakwa mafuta, zimegawanywa mafungu matatu, na vidole vilikuwa vinazipitisha chini, juu, chini, juu, kwa kasi ambayo yeye hakuwahi kuwa nayo. Akatulia, akaufuata mstari ule hadi kisogoni. Karibu na sikio akakuta kovu dogo.

Mteja alipoondoka, akaita. "Mama!"

"Bee."

"Huyo uliyemaliza kumsuka ana kovu nyuma ya sikio la kushoto. Limejipinda kama ndoana."

Msusi akasimama mlangoni, kitana amekichomeka nyweleni mwake. "Ni mke wa fundi viatu. Alianguka ngazini utotoni." Akafikiri kidogo. "Kumbe ni wewe."

"Mimi nimefanya nini tena?"

"Tangu juzi vidole vyangu vinahisi mara mbili. Naosha vyombo, nahisi maji, halafu nahisi maji tena. Nikasema moyoni, hapa kuna wageni. Sikujua ni vyako vimehamia."

"Vimekuja kwako?"

"Ulitaka viende kwa nani? Kwa jirani?"

Mhakiki akacheka, kicheko cha kwanza wiki ile. "Na hawakusumbui?"

"Wageni gani hawa wa kusumbua? Hawali, hawachagui godoro. Wakae." Akarudi chumba cha mbele, kwa sababu mteja mwingine alikuwa ameshakaa kitini na kufungua kilemba.

Jioni ile Msusi aliunguzwa na mvuke wa sufuria jikoni, na Mhakiki akapiga kelele chumbani, wakajua kwa hakika. Siku iliyofuata Mhakiki, akitaka kusaidia, aliipua sufuria hiyohiyo kwa mikono mitupu, akaibeba mpaka mezani huku anapiga mluzi. Msusi alipoviona viganja vyake vimekuwa vyekundu alivipaka dawa, akavifunga kitambaa safi, ndipo akamgombeza. "Ukitaka kuwa koleo, baba watoto, niambie tu nikutundike ukutani."

Viganja vilipopona, wakajaribu lililokuwa mioyoni mwa wote wawili. Msusi alichukua kitabu kutoka rafuni, akakifungua popote, akaweka vidole vyake juu ya ukurasa. Kwake yeye vilikuwa vijinundu tu, kama ngozi ya mtu aliyesikia baridi. Mhakiki, aliyekaa upande wa pili wa chumba, aliinua kichwa.

"Usikimbie. Hizo si nywele."

"Sijakimbia."

"Umeruka mistari miwili. Anza kushoto. Legeza mkono, ukibonyeza unaziua."

"Na wewe usinifokee. Mimi si mwanafunzi wako."

"Haya, samahani mwalimu. Polepole. Hapo... hapo." Midomo ya Mhakiki ikaanza kutembea. "'Mvua ilipoacha kunyesha, wote watatu walitoka nje.'" Msusi akasimamisha kidole chake mwisho wa sentensi, kwa sababu alimwona mumewe anajifuta uso kwa mkono usiojua kuwa umelowa.

"Endelea," Mhakiki akasema. "Walikwenda wapi?"

Kulikuwa na taabu ndogondogo. Ncha za vidole vya Msusi zilikuwa ngumu kwa sababu ya nyuzi, akawa anazipaka mafuta kila anapolala. Kucha zilikwaruza karatasi, na kelele ile ilimfikia Mhakiki mpaka kwenye meno. Msusi akazikata zote isipokuwa ya kidole kidogo, ile ya kugawanyia nywele. Hiyo alikataa. "Kila mtu na chombo chake cha kazi," alisema.

Walipokwenda kiwandani pamoja, Msimamizi aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama Msusi atahitaji kikombe chake mwenyewe, kisha akaenda kuleta kiti cha tatu. Redio aliwaamkia, akasogeza kitabu. "Karibu, mama. Leo baba amekuja na vidole vyake."

Wakaanza sura ya tatu upya. Redio alisoma, Msusi akatembeza vidole, Mhakiki akasikiliza kwa sikio na kwa mikono ya mkewe. Asubuhi ilikuwa haijaisha alipogonga meza.

"Rudia hiyo."

"'Moyo wa mtu una vyumba 4,'" Redio akasoma.

"Hapa una vyumba 5. Nukta moja haikupigwa. Nne ikipungukiwa nukta ya juu huwa tano."

Msimamizi akaja kutazama, akatikisa kichwa. "Kingetoka hivi, watoto wangetafuta chumba cha tano maisha yao yote."

"Huenda kipo," Msusi akasema. "Mbona watu wanahamia?"

Ukurasa ukarudi mashineni.

Hivyo ndivyo walivyofanya kazi tangu siku ile. Asubuhi Msusi alikuwa mezani pa kiwanda, mchana alikuwa saluni. Wateja walinung'unika kwamba siku hizi msusi ana saa kama benki, lakini hawakwenda kwingine, na mke wa fundi viatu alijitolea kufungua mlango na kuchemsha maji kabla hajafika. Mhakiki naye alijifunza mambo. Alijua sasa kwamba kidole gumba cha kulia cha mkewe kinauma kila kichwa cha mwisho cha siku. Kilikuwa kinauma hivyo tangu mtoto wao wa kwanza yuko shule, naye hakuwahi kusikia habari zake. Ikawa jioni anaita kutoka chumba cha nyuma, "Wa mwisho huyo! Mwambie aje kesho," na wateja wakacheka, na Msusi akafunga.

Lililowatia wasiwasi lilikuwa moja tu. Dripu zilikuwa hazijaisha. Vidole vilivyokimbia mara moja vingeweza kukimbia mara ya pili, na hawakujua baada ya Msusi vingekwenda kwa nani.

Walimweleza Daktari siku ya kliniki. Daktari alikuwa mtu msafi, mwenye haraka, na alizoea kuongea na yule anayemtazama machoni.

"Anakula?" alimuuliza Msusi.

"Yupo hapa," Msusi akasema. "Muulize."

Daktari akaitikia kwa kichwa. "Vizuri. Anatapika?"

"Sitapiki," Mhakiki akasema. "Daktari, vidole vyangu vimekufa ganzi. Mimi nasoma kwa vidole. Ndiyo kazi yangu."

"Mwambie ni kawaida," Daktari akamwambia Msusi. "Huwapata wengi. Baadaye huweza kupungua, ingawa kwa wengine hukaa."

Muuguzi aliyekuwa amesimama dirishani alikohoa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, na katika hospitali nzima ndiye pekee aliyemwambia Mhakiki atakachofanya kabla hajakifanya: sasa nagusa mkono wa kushoto, sasa utasikia pamba, sasa sindano. "Labda tumpime, daktari," akasema.

Daktari akachukua sindano, akadonoa ncha za vidole vya Mhakiki, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Mhakiki aliketi ametulia kama kiti.

"Jaribu vyangu," Msusi akasema, akanyoosha mkono.

Daktari akadonoa.

"Cha shahada, kulia," Mhakiki akasema. "Sasa cha kati. Sasa umerudi cha shahada. Na sindano yako ni butu."

Daktari aliitazama sindano. Ilikuwa butu kweli, akaitupa kwenye boksi lake. "Basi hisia zipo," akamwambia Msusi. "Zingekuwa zimepotea kabisa, ningepunguza dozi au ningembadilishia. Ipo dawa nyingine isiyosumbua vidole kiasi hiki. Ningejua tangu mwanzo anasoma kwa vidole, tungeanza na hiyo. Hakuna aliyeniambia."

"Hukuniuliza," Mhakiki akasema.

"Niliuliza," Daktari akajibu, bado akimtazama Msusi. "Nakumbuka kabisa. Niliuliza kama anatapika."

"Basi nibadilishie sasa."

"Mwambie kwa kuwa hisia zimebaki ndani ya familia, hakuna sababu ya kubadili. Tuendelee na ileile." Akawaaga kwa upole, akamshika Msusi mkono.

Mhakiki aliuhisi mkono wa Daktari. Ulikuwa mkono laini, wenye joto, wa mtu asiyetaka kumdhuru yeyote.

Njiani kwenda nyumbani walitembea mpaka kwenye barabara kubwa. Kwa kawaida Mhakiki hushika kiwiko cha mkewe, lakini kiganja kisichohisi hakijui kama bado kimeshika, kwa hiyo siku hizi Msusi ndiye aliyemshika mkono. Walipokuwa wanangoja magari yapite, Mhakiki akagundua kwamba kile kitu kikavu, baridi, chenye mifupa, kilicholala vidoleni mwake kilikuwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa anaushika kutoka nje, kama anavyoushika mkewe.

"Mkono wangu ni mkavu hivi?"

"Umekuwa hivyo siku zote."

"Tangu harusi?"

"Tangu kabla ya harusi. Kama gome."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuniuliza," Msusi akasema, na magari yakawa yamepita, wakavuka.

Jioni hiyo Mhakiki alijipaka mafuta mikononi, ingawa hakuweza kujua kama yameenea. Msusi akamwonyesha palipobaki.

Siku ya dripu ya mwisho Muuguzi aliwapa viti viwili karibu karibu. Alimweleza Mhakiki kila hatua, pamba, sindano, plasta. Maji ya dawa yalipoanza kushuka aliondoka, akarudi na glavu nene za sufi alizofuma mwenyewe, akamvisha Msusi. "Wageni wasipate baridi," alisema, "wakafikiri wamefukuzwa." Msusi akakaa hivyo saa zote zile, mikono imo ndani ya sufi, jasho likimtoka, hakuthubutu hata kujikuna pua. Mhakiki akamkuna kwa kukisia. Alikosea mara nyingi na jicho likaumia kidogo.

"Bado mko?" Mhakiki aliuliza kila baada ya muda.

"Tuko," Msusi akajibu. "Tunaiva tu."

Waliporudi nyumbani hawakuvua hata viatu. Msusi alivua glavu, akaweka vidole kwenye kitabu kilichokuwa mezani. Mhakiki alisimama katikati ya chumba ameinamisha kichwa. Hapakuwa na kitu. Karatasi ilikuwa shuka iliyopigwa pasi.

"Tulia," Msusi akasema. "Wametoka safari." Akapumulia vidole vyake, akavisugua kwa mafuta, akaviweka tena pale pale, mkono umelegea, upande wa kushoto kama alivyofundishwa, akangoja.

"'Wote...'" Mhakiki akasema. Akavuta pumzi. "'Wote watatu walirudi salama.'"

"Nilikwambia," Msusi akasema, akaenda kubandika chai.

Baada ya dripu ile ya mwisho vidole havikuhama tena. Uvimbe uliisha. Ganzi ilibaki. Kitabu cha sayansi kilitoka kiwandani, moyo ukiwa na vyumba vinne, na Msimamizi alikiacha kiti cha tatu mezani moja kwa moja, akakifungia mto mdogo kwa ajili ya mgongo wa Msusi.

Walirudi hospitalini mara moja tu, kwa ajili ya kuangaliwa. Benchi la nje ya mlango wa Daktari lilikuwa na mzee mwingine pamoja na binti yake. Mhakiki alisikia pumzi ya mzee ikiwa fupi, akasogea kumpa nafasi.

"Na wewe, mwenzangu," akauliza, "vidole vyako vinafanya kazi gani?"

Mzee akamgeukia. Hakuna aliyemuuliza hilo tangu aanze kuja pale. "Natengeneza saa," akasema. "Za mkononi. Nina skrubu ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Huwezi kuiona, unaikamata kwa kuihisi. Siku hizi zinaanguka. Naambiwa zimeanguka, mimi najua ninazo bado." Akaendelea, na benchi zima likasikiliza, habari za springi za saa, habari za saa ya mwalimu mmoja iliyolowa maji ikapona, mpaka pumzi yake ikawa ndefu.

"Mwambie Daktari hivyohivyo," Mhakiki akasema. "Kabla hajafika kwenye matapishi."

"Nitamwambia."

Mlango ukafunguliwa. "Binti, mlete mzee," Daktari akasema. "Anatapika?"

Wakaingia. Kupitia mlangoni walisikia binti akijibu kwamba hatapiki. Wakamsikia fundi saa akisema wazi, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa, "Daktari, mimi natengeneza saa." Kisha wakamsikia Daktari, kwa upole wake uleule. "Mwambie ni kawaida."

Muuguzi alikuwa anapita na sinia lake. Alisimama kidogo mbele ya mlango ule, kisha akaenda kabatini kutazama kama bado ana sufi.

Binti alitoka kwanza, amekunja ngumi mbili na kuziweka kifuani. Aliketi ukingoni mwa benchi. Aliwaamkia, kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba tangu juzi anasikia saa zikitembea kwenye ncha za vidole vyake, ingawa nyumbani kwao sasa hakuna saa hata moja inayofanya kazi.

Msusi akasogea, akampa nafasi pana zaidi, akamkunjua mkono mmoja taratibu na kuutazama kwenye mwanga.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Cha kwanza, kata kucha."